Omo ya Jahazi si Sabuni

Kidokezo cha 23, mlalo: "Sabuni ya unga (3)."

Nilijaza O-M-O bila kufikiri. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye baraza la kahawa pale Ngamiani, Tanga, na gazeti nililokuwa nimelikunja mapajani lilikuwa na chemshabongo yenye mada. Juu yake, kwa herufi nene, paliandikwa "Jahazi". Jirani yangu wa barazani, mzee aliyekula chumvi ya bahari kati ya Tanga, Pemba na Mombasa mpaka magoti yalipomkataza, alikuwa akinisaidia msamiati wa chombo. Nilipomsomea kidokezo kile na jibu lake, aliweka kikombe chini.

"Omo ni sabuni?"

"Ndivyo walivyoandika, mzee wangu."

"Kwenye chemshabongo ya jahazi?"

"Ndiyo."

"Basi mwanangu, aliyetunga hajapata kusimama kwenye omo."

Omo ni sehemu ya mbele ya chombo, ile inayotangulia kulipasua wimbi. Ni neno la herufi tatu, irabu mbili zimeibana konsonanti moja, neno ambalo mtungaji yeyote wa chemshabongo angelisaka kwa tochi ili kuzibia kona ngumu. Hapa halikuhitaji hata kusakwa, kwa kuwa lilikuwa ndani ya mada yenyewe. Mtungaji alilishika mkononi, kisha akalipeleka dukani kwenye rafu ya sabuni.

Gazeti silitaji, wala sina nia ya kumwonea mtungaji, ambaye jina lake halikuandikwa popote. Nimeitazama chemshabongo ile wiki nzima, nimeifuta na kuijaza upya mara tatu, na ninaandika kwa sababu ndani yake kuna kazi ya mtu mwenye kipaji. Kuna pia mazoea mabaya ambayo nimeyaona katika karibu kila chemshabongo ya Kiswahili niliyopata kuijaza, na mazoea hayo yanakiua kipaji hicho.

Nianze na nililolipenda. Maneno manane ya chombo yalitawanywa katika vyumba 13 kwa 13: TANGA, MLINGOTI, FOROMALI, DEMANI, NANGA, USUKANI, NAHODHA na KUSI. Foromali si neno la kila siku hata kwetu pwani. Ni boriti ndefu inayobeba tanga, ambayo hupandishwa mlingotini kwa kamba. Msomaji wa Dodoma au Nakuru hana sababu ya kulijua neno hilo, na mtungaji alilitambua hilo, akahakikisha kwamba maneno yanayolikata ni mepesi kabisa. Asiyeijua foromali angeijenga herufi moja moja mpaka aione imekamilika mbele yake, na angeinuka na neno jipya ambalo hakulipata kwa kufundishwa. Huo ni uungwana, na chemshabongo nzuri ni ile inayomtendea msomaji hivyo.

Kuna jambo jingine nililoligundua nilipokuwa namaliza. FOROMALI ilikuwa mlalo. MLINGOTI ulikuwa wima. Yalikutana kwenye M: herufi ya tano ya foromali, herufi ya kwanza ya mlingoti. Hebu andika mwenyewe kwenye karatasi. Laza FOROMALI, kisha kutoka kwenye ile M uteremshe MLINGOTI. Umechora jahazi. Boriti iko juu, nguzo imesimama chini yake, na vyumba vyeupe vya pembeni vinasubiri upepo. Nilimwonyesha mzee. Alichukua kalamu yangu akapitisha mstari wa mshazari juu ya yale maneno. "Foromali hailali sawa hivi," akasema, "kichwa chake cha mbele huinama. Lakini ndiyo, huyu ameiona."

Ameiona, kisha akanyamaza! Hakuna kidokezo hata kimoja kilichomwambia msomaji atazame pale. Hakuna neno la mwisho lililosema, rudi ukakiangalie chombo chako. Nina hakika wengi waliojaza chemshabongo ile waliukunja ukurasa bila kujua walikuwa wamechora nini. Hapo ndipo penye tofauti kati ya chemshabongo yenye mada na orodha ya maneno ya mada. Orodha humpa mtu maneno manane ya baharini na kumwacha nayo. Mada ya kweli huwa na fundo, na fundo hilo likifunguka, msomaji hujikuta ameshikilia kitu ambacho hakikuwepo alipoanza.

Sasa niyataje makosa, na nitayataja kwa undani maana ni makosa ya ufundi na yanarekebishika.

Kidokezo cha NANGA kilisema: "Kinashikilia chombo kisisogee (5)." Niliposoma "kinashikilia" nilianza kutafuta neno la ki-: kigingi, kitu, kifaa, chochote kinachoanza hivyo. Kiswahili kimetupa upatanisho wa ngeli, na upatanisho ni ahadi. Ukiandika "kinashikilia", umeniahidi neno la ki-vi. Ukiandika "linashikilia", umeniahidi la ji-ma. Nanga inashikilia. Mtungaji aliyesema "kina-" alikuwa na neno "kifaa" kichwani mwake, lakini mimi siishi kichwani mwake. Jambo linalonisikitisha ni kwamba chombo hiki cha kidokezo, yaani ngeli, Waingereza hawana. Wao hawawezi kumnong'oneza msomaji aina ya nomino kwa silabi moja. Sisi tunaweza, na tukitaka kumficha tunaweza pia, kwa sababu hu- ya mazoea haichagui ngeli. "Hushikilia chombo kisisogee" ingekuwa sahihi na ingeficha yote. Mtungaji wa Kiswahili ana taa anayoweza kuiwasha au kuizima kwa hiari yake, na kidokezo kile kiliiwasha mahali pasipo na kitu.

TANGA ilipewa kidokezo "Mji wa Tanzania (5)". Nilikisoma nikiwa nimeketi katika mji huohuo na kikaniuma. Tanga ni mji. Tanga ni kitambaa kinachokamata upepo. Tanga ni mkusanyiko wa msiba, na watu hukaa matanga, kisha huyaanua. Na kutanga ni kuzurura bila kituo. Herufi tano zina maana nne, na katika chemshabongo ya jahazi mtungaji akachagua ile ambayo hata atlasi ya shule ingempa. Angeweza kuandika: "Hutwekwa na mabaharia, hukaliwa na wafiwa." Msomaji angekuna kichwa kwa dakika tano, kisha angecheka peke yake. DEMANI nayo ilipewa "Kamba ya tanga", jambo ambalo ni sahihi, na nilifurahi kuiona. Lakini demani ni pia ule msimu wa upepo mpole unaofuata baada ya kusi, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Novemba hivi. KUSI lilikuwa neno jirani kabisa katika jedwali lile, na mtungaji hakuwaunganisha majirani hao wawili.

Kisha kuna RA, "Mungu wa jua wa Misri ya kale (2)", na EMU, "Ndege mkubwa wa Australia (3)". Hao wageni nawafahamu. Wanaishi katika chemshabongo za Kiingereza, ambako watungaji wana njaa ya maneno mafupi yenye irabu nyingi, kwa hiyo hukusanya ndege wa mbali, miungu ya kale na mito ya Ulaya ili kujazia kona. Sisi hatuna njaa hiyo. Tuna UA, ambalo ni la bustani, la uzio na la kutoa roho. Tuna OA, AU, ILA, INI, IVA, UZI, UTE, UTU, EWE, AMU, ambalo ndilo jina ambalo Walamu wenyewe hukiita kisiwa chao. Kumleta emu katika jahazi la Kiswahili ni kuazima chumvi kwa jirani ilhali umeketi ufukweni.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana kuna jambo ambalo sijalisikia likisemwa na ambalo naamini ndilo chanzo cha ugumu wa bure katika chemshabongo zetu. Jedwali lile lilipangwa kwa mtindo unaopendwa Uingereza: ndani ya kila neno, herufi moja hukatwa na neno jingine, inayofuata huachwa peke yake, kisha nyingine hukatwa, hivyo hivyo hadi mwisho. Kwa Kiingereza mtindo huo hauna shida, kwa kuwa konsonanti zao hupangana mbili au tatu pamoja na irabu huja zinapotaka. Silabi zetu nyingi ni wazi: konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Ukikata neno la Kiswahili kila baada ya herufi moja, utakata irabu tupu au konsonanti tupu.

Kidokezo kimoja kilisema "Hali njema (6)". Maneno yaliyokatana nalo yalinipa irabu zote tatu: pengo, A, pengo, A, pengo, A. Niliandika SALAMA. Majibu yalipotoka toleo lililofuata, jibu lilikuwa BARAKA. Zote mbili zinakubali kidokezo, zote zinakaa katika vyumba, na hakuna herufi hata moja ya kumsaidia mtu kuchagua. Bila kidokezo, A tatu zile zingepokea pia haraka, baraza, tawala na kabaka. Sasa geuza mambo. Chukua baraza na ukate konsonanti zake: B, pengo, R, pengo, Z, pengo. Nimetafuta, na maneno niliyoyapata ni baraza, barizi na buruza tu. Konsonanti ndizo zinazobeba sura ya neno letu. Mtungaji anayepanga jedwali la Kiswahili lazima ahakikishe makutano yanaangukia konsonanti, na kama irabu hazikwepeki, basi azichanganye. Ni suala la kusogeza neno chumba kimoja kushoto au kulia. Kazi ya dakika mbili.

Mtindo wa Marekani, ambamo kila herufi sharti ikatwe na neno jingine, ni mgumu zaidi kwetu, na sababu ni hiyohiyo. Weka KATA juu. Safu ya pili chini yake, kama maneno yote yana silabi wazi, itaanza na irabu na kuishia na konsonanti, na Kiswahili hakina maneno ya kuishia hivyo. Ndiyo maana jedwali la kukopa halitufai jinsi lilivyo. Tunahitaji kuchonga letu, kama mafundi wa jahazi wanavyochonga mataruma kwa kufuata mti wenyewe ulivyopinda.

Na ving'ong'o? NG'AMBO ilikuwa mlalo na ikapewa vyumba sita. NG'OMBE ilikuwa wima na ikapewa vyumba saba, king'ong'o kikiwa na chumba chake. Katika jedwali moja! Chumba kile cha ziada kilikuwa kimetengwa peke yake, bila neno la kukikata, na lazima kiwe hivyo, kwa kuwa hakuna neno lingekubali kupita juu ya alama. Maoni yangu ni kwamba alama ikae pamoja na G katika chumba kimoja, na neno linalokatiza lichukue G peke yake. Ng'ombe iwe na vyumba sita daima. Magazeti yakikubaliana juu ya hilo, kila msomaji kuanzia Lamu hadi Bukavu atajua anahesabu nini.

Nimesema mada inahitaji fundo. Si haki kulalamika bila kujaribu mwenyewe, kwa hiyo nilikaa usiku mbili na karatasi ya mraba. Methali ya mabaharia inasema: Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni chini kabisa, kule maji yanakojikusanya. Nikajiuliza: je, maneno hayo matatu yanaweza kufichwa ndani ya maneno mengine, maneno ya nchi kavu yasiyohusiana na bahari? Yanaweza. WATETEZI imeficha tezi mwishoni. MPOROMOKO imeficha omo tumboni. KUUNGAMA imeficha ngama. Herufi nane, tisa, nane. Kwa vyumba 13 kwa 13, neno la herufi tisa linakaa katikati kabisa, na yale mawili ya herufi nane yanalingana juu na chini, moja upande wa kushoto na jingine upande wa kulia, kama sheria ya ulinganifu wa jedwali inavyotaka. Na ngama, bila mimi kulazimisha, imeangukia chini.

Msomaji angejaza "Husimama upande wa mshtakiwa", angejaza "Wa udongo huzika nyumba", angejaza "Kukiri dhambi", asijue kwamba yumo chomboni. Kidokezo cha mwisho ndicho kingemwambia: "Marejeo ya aliyekwenda nyuma na mbele, tafuta safari yake katika maneno matatu marefu (7)." NGAMANI. Nilimpelekea mzee. Aliisoma polepole, kidole kikifuata herufi, na alipofika kwenye omo ndani ya mporomoko aliipigia mstari mara mbili.

Mchezo huu si wetu kwa asili, na hakuna aibu katika hilo. Uliletwa duniani na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa akifanya kazi katika gazeti la New York World, tarehe 21 Desemba 1913. Jedwali lake lilikuwa na umbo la almasi na aliliita Word-Cross. Wiki chache baadaye maneno mawili ya jina hilo yakageuzwa. Mwaka 1924 kampuni changa ya Simon & Schuster ilichapisha kitabu cha kwanza cha mafumbo hayo na Marekani nzima ikashikwa na homa. Gazeti la New York Times liliudharau mchezo huo kwa muda mrefu na halikuanza kuuchapisha hadi Februari 1942, lilipomkabidhi kazi mhariri Margaret Farrar. Siku hizi ukurasa huo ni miongoni mwa fahari za gazeti hilo, na watungaji hulipwa na majina yao huchapishwa.

Chemshabongo ya mada ninayoiheshimu kuliko zote ilitoka humo tarehe 5 Novemba 1996, siku ya uchaguzi wa rais. Mtungaji alikuwa Jeremiah Farrell, mwalimu wa hisabati, na mhariri alikuwa Will Shortz. Jibu la katikati lilitakiwa kuwa habari kuu ya gazeti la kesho yake: nani amechaguliwa. Lakini kura zilikuwa bado zinapigwa. Farrell aligundua kwamba majina ya wagombea, CLINTON na BOBDOLE, yote yana herufi saba, akatunga vidokezo saba vya wima ambavyo kila kimoja kilikubali majibu mawili. Kwa mfano, mnyama mweusi wa sikukuu ya Halloween: paka au popo, ambao kwa Kiingereza hutofautiana herufi ya kwanza tu. Ukijaza paka unapata C ya Clinton, ukijaza popo unapata B ya Bob. Yeyote ambaye angeshinda, chemshabongo ingekuwa sahihi. Wasomaji walipiga simu kwa hasira wakidai gazeti limetangaza mshindi kabla ya wakati.

Nilikuwa nikiamini kwamba kitu cha aina hiyo kinawezekana kwa Kiingereza peke yake. Sasa siamini hivyo tena. Sisi tuna Jumamosi zinazosimamisha nchi: siku ambayo watani wa jadi wa Kariakoo, Yanga ya 1935 na Simba ya 1936, wanakutana. SIMBA ina herufi tano. YANGA ina herufi tano. Zote zinaishia na A. Kinachohitajika ni maneno manne ya wima yanayokubali S au Y, I au A, M au N, B au G.

La kwanza: "Hulindwa pwani ya Kenya (4)." KASA, yule wa baharini anayelindwa na sheria, au KAYA, misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Ile hu- ndiyo iliyonifungulia mlango, maana bila kuificha ngeli kidokezo kisingesimama. La pili: "Lipo mbuyuni (4)." JANI, au, kwa wanaosadiki, JINI. Hapa ngeli haikufichwa hata kidogo, ni ji-ma waziwazi, na bado majibu ni mawili. La tatu: "Cha maji hupimwa (4)." KIMA au KINA. La nne: "Mji wa Kongo ulio kando ya maji (4)." BOMA, kwenye Mto Kongo, au GOMA, kwenye Ziwa Kivu. Katikati, mlalo: "Atakayeshinda leo (5)." Shabiki wa Simba atajaza kasa, jini, kima na Boma bila kusita. Shabiki wa Yanga atajaza kaya, jani, kina na Goma. Na wote wawili watabishana kutwa nzima kila mmoja akiwa na ushahidi wa maandishi.

Lugha iliyonipa maneno hayo haikuwa ikinisubiri mimi. Wahenga wetu walijua kufumba kabla karatasi haijaingia mwambao. "Nyumba yangu haina mlango" ni kidokezo kilichokamilika. Ongeza (3) mwishoni na una YAI. "Kuku wangu ametagia miibani (6)." NANASI. "Popoo mbili zavuka mto (5)." MACHO. Linganisha na kidokezo nilichokikuta Jumamosi ile, "Hutagwa na kuku (3)". Mombasa ya mshairi Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu mwaka 1840, ilikuwa na watu waliotumiana mashairi yenye maana mbili, moja ya wapita njia na nyingine ya mlengwa. Tumetoka katika jamii ambayo mtoto alijifunza kufikiri kwa kuambiwa "Kitendawili!" na aliyeshindwa alilazimika kutoa mji. Kisha tunafungua gazeti la lugha hiyohiyo na kuulizwa kinyume cha juu ni nini.

Najua jinsi hali hii inavyokuja. Mhariri ana kurasa za kujaza, programu ya kompyuta inapanga jedwali kwa dakika moja, vidokezo vinatafsiriwa na kijana wa mafunzo ambaye hakupewa muda wala kamusi. Foromali, hata hivyo, haikutoka kwenye programu. Mtu fulani aliitafuta, akaikata kwa maneno mepesi, akaining'iniza juu ya mlingoti. Mtu huyo anastahili saa nne zaidi kwa wiki, mtu wa kumsomea kazi kabla haijachapwa, na jina lake chini ya jedwali. Anastahili pia kuketi na watu wanaoyajua maneno kwa mikono: mafundi wa vyombo, wasusi wa ukili, wapishi wa harusi, mafundi baiskeli, wakulima wa karafuu. Kila mmoja wao ana chemshabongo nzima kinywani mwake, na msamiati huo unapungua kila mwaka tunapomzika mtu kama jirani yangu wa barazani.

Wahariri wa Kiswahili, chapisheni jina la mtungaji. Mlipeni kama mnavyomlipa mwandishi wa safu. Na wewe uliyetunga ile ya Jumamosi, popote ulipo: foromali juu ya mlingoti nimeiona, na mzee wangu ameiona. Safari ijayo tuambie tutazame.